Ngamia wa Swali la Tisa

Karatasi za fizikia mimi huzisahihisha kwa swali, si kwa mwanafunzi. Namaliza swali la kwanza la darasa zima, kisha narudi juu ya rundo nianze la pili, na hivyo hivyo mpaka la mwisho. Walimu walionitangulia ndio walionifundisha, na faida yake naijua: jibu unalolitafuta linakukaa kichwani, mkono unakwenda haraka, na humwoni mwenye karatasi ukamhurumia au ukamchukia. Hasara yake ilinichukua miaka kuijua, na aliyenionyesha ni msichana wa kidato cha pili mwenye ndoo ya matope.

Kila mtihani huja na mwongozo wa kusahihisha. Hesabu ina alama ya njia na alama ya jibu. Mwanafunzi akikosea sehemu ya kwanza, kisha akalitumia jibu lake baya kwa njia iliyo sawa katika sehemu ya pili, anaadhibiwa mara moja tu. Akisahau kuandika kipimo, yaani nyutoni au mita au chochote kinachopimwa, alama ya jibu imekwenda. Na jibu likijipinga lenyewe, likasema ndiyo huku na siyo kule, ni sifuri. Sheria hii ya mwisho niliipenda kuliko zote kwa sababu ilinipunguzia kazi.

Shule yetu iko nje kidogo ya Garsen, karibu na njia ya malori ya mifugo. Chumba cha walimu kina feni moja, na feni hiyo tangu niijue inamwelekea naibu wa mkuu wa shule. Sisi wengine tunasahihisha na leso shingoni, tukikinga jasho lisidondokee majibu ya watoto wa watu. Muhula ule nilikuwa na rundo la kidato cha pili, mtihani wa mwisho wa mwaka, na rundo hilo lilikuwa zito kuliko kawaida yake. Aliyepata chini ya alama arobaini kwa mia hangeruhusiwa kusoma fizikia kidato cha tatu. Sheria hiyo hakuileta mkuu wa shule. Niliileta mimi, nikaipigania mkutanoni hadi ikapita, maana matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yamenitia aibu na nilitafuta pa kuitua.

Mtihani wenyewe ulitungwa mbali na huku. Swali la tisa lilisema: eleza kwa nini ngamia hutembea kwa urahisi kwenye ardhi laini, ilhali ng'ombe huzama. Alama tatu. Mwongozo ulitaka mambo matatu: unyayo wa ngamia ni mpana, yaani uzito wake umesambaa kwenye eneo kubwa; kwa hiyo presha yake kwa ardhi ni ndogo; na kwato za ng'ombe ni ndogo, kwa hiyo presha yake ni kubwa na huzama.

Mimi nimezaliwa Kipini, pwani, nikalelewa kwa samaki na nazi. Ng'ombe nilimjua kwa maziwa yake na ngamia nilimwona akiwa juu ya lori. Mwongozo uliposema ngamia hutembea kwa urahisi, nani mimi wa kubisha?

Nikafika kwenye karatasi moja ambayo jibu lake lilianza hivi: "Si kweli." Kalamu nyekundu ilikuwa imeshapiga mkasi wa kosa kabla jicho halijafika mstari wa pili. Sifuri, karatasi inayofuata.

Jumatano nikawarudishia karatasi zao. Nilikuwa nimewaambia kwamba orodha ya watakaosoma fizikia itakwenda kwa mkuu wa shule Ijumaa saa nane mchana. Mapumziko ya saa nne, msichana mmoja akaja mpaka kwenye meza yangu katika chumba cha walimu. Alikuwa mtoto wa wafugaji, nyumbani wakizungumza Kisomali, watu wenye ngamia na ng'ombe ambao malisho yakikauka huko juu hushuka nao hadi huku karibu na mto. Darasani alikaa karibu na mlango na hakuwa msemaji. Karatasi yake ilikuwa na alama thelathini na nane.

"Mwalimu, nataka wewe soma swali ya tisa."

"Nimelisoma."

"Umesoma mwanzo tu."

Walimu wawili waliokuwa wakinywa chai wakaacha kunywa. Damu ilinipanda. Mtoto wa kidato cha pili kunisimamia mbele ya wenzangu na kuniambia nilichokisoma na nisichokisoma! Nikamwambia kwa sauti ya kutosha watu wote wasikie kwamba mtu akianza jibu kwa kumkatalia mtahini, kisha akaendelea kulieleza lile lile alilolikataa, jibu lake limejipinga, na jibu linalojipinga ni sifuri.

"Mimi sijapinga fizikia," akasema. "Nimeandika vile iko hapa kwetu."

"Na hiyo fizikia unaitakia nini?"

Niliuliza kwa dharau, sifichi. Yeye akajibu kana kwamba nimeuliza kwa wema. "Pampu ya kisima chetu ikikufa, tunangoja fundi siku mingi sana. Wanyama wanasimama pale, maji iko chini, na wanakufa. Mimi nataka kuwa huyo fundi."

Lakini ubishi nao ni ugonjwa. Nikamkumbusha tu kuhusu Ijumaa saa nane.

Mkuu wa idara yetu ya sayansi, mama wa Kipokomo anayefundisha kemia na aliyekaribia kustaafu, alikuwa akisikiliza huku akimenya chungwa. Akajifuta mikono, akaichukua ile karatasi mikononi mwa msichana, akavaa miwani. Alisoma kimya kwanza. Kisha akasoma kwa sauti, akikigeuza Kiingereza cha msichana kuwa Kiswahili ili, nadhani, nisipate pa kujificha:

"Si kweli, kama ardhi laini ni matope. Mguu wa ngamia ni mpana, presha yake ni ndogo, anazama polepole. Kwato ya ng'ombe ni ndogo, presha yake ni kubwa, anazama haraka. Lakini ng'ombe anatoka, kwa sababu kwato yake imepasuka katikati na hewa inaingia chini. Mguu wa ngamia unaziba shimo. Hewa haiingii chini, na hewa ya juu inamkandamiza. Kwa hiyo ngamia ndiye anayekwama."

Akaishusha miwani. "We mtu wa samaki, ulisoma hii?"

"Nilisoma."

"Mpaka wapi?"

Vitu vitatu vya mwongozo vyote vilikuwamo, kimoja baada ya kingine, na juu yake alikuwa ameongeza ambalo mtahini mwenyewe hakulifikiria. Muungwana angekiri pale pale. Mimi nikashikilia sheria yangu. Nikasema amesema ngamia hazami sana, kisha akasema ndiye anayekwama, na hayo yanapingana.

"Kuzama na kutoka ni kitu kimoja?" mama akaniuliza.

"Na hewa gani hiyo inayomshika ngamia mguu?" nikasema. "Anionyeshe."

Nilisema hivyo ili yaishe. Msichana akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Kesho nitaleta matope."

Akayaleta kweli. Alhamisi baada ya masomo alikuwa kwenye maabara na ndoo ya matope ya mto. Ngamia wake alikuwa kopo tupu la maziwa ya unga, chini bapa, kokoto ndani, na kamba imepitishwa kwenye matundu aliyotoboa karibu na mdomo. Ng'ombe wake alikuwa vipande viwili vya mti vilivyofungwa pamoja kwa juu, mwanya ukiachwa katikati, na jiwe limefungiwa juu yake. Alivipima vyote viwili kwa mizani ya springi, akipunguza kokoto na kuongeza, mpaka vikalingana uzito. Mama wa kemia akachora mstari wa chaki kwenye kila kimoja ili vididimizwe kina kimoja. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, mikono kifuani, hakimu.

Akalididimiza kopo hadi kwenye chaki, akaifunga mizani kwenye kamba, akavuta. Kopo likatoka vizuri tu, bila ugomvi wowote. Mizani haikuonyesha chochote zaidi ya uzito wake.

Nakiri nilifurahi. Nilifurahi kumwona mtoto amekosea, na mpaka leo nikikumbuka naona haya.

"Basi," nikasema, "tumeona."

"Bado, mwalimu." Alitia mkono ndooni, akayasugua matope kati ya vidole. "Hii ni supu. Nimejaza maji mingi juu ya hii matope sababu ya kubeba, isikauke. Matope ya mto haiko hivi."

Akatoka nje, akarudi na udongo mkavu kwenye sketi aliyoikunja, akaumimina, akapandisha mikono ya sweta na kuanza kukanda. Alikanda mpaka viwiko vikapotea. Mama wa kemia hakunitazama hata mara moja, alimwambia tu, "Taratibu, mwanangu, usiharakishe." Na mimi, sijui kwa nini, nikajikuta nimetoka ukutani na kushika ndoo isizunguke.

Akalididimiza kopo tena. Akavuta. Safari hii mizani ikashuka, ikafika kwenye uzito wa kopo, ikaupita, ikaendelea. Kopo halikutikisika. Nilikuwa nimeishika ndoo nikahisi inataka kuinuka pamoja na kopo, nikaikandamiza chini kwa nguvu zangu zote. Ilipofika zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwanzo, kopo likatoka kwa mlio ambao ulimfanya mama wa kemia aruke na kucheka. Kisha zamu ya ng'ombe. Vile vipande vya mti vikatoka kwa nguvu iliyozidi uzito wao kidogo tu.

"Sasa angalia, mwalimu."

Akalididimiza kopo mara ya tatu, akachukua kijiti, akakipenyeza ubavuni mwa kopo mpaka chini, akakitikisa. Vipovu vya hewa vikaingia na mlio, na kopo likatoka bila kuvutwa sana.

"Ngamia ya mjomba wangu alikwama karibu na mto," akasema. "Watu walivuta, walivuta, wapi. Mjomba akaleta fimbo akatia hapa kando ya mguu. Ikalia vile. Akatoka."

Nilikuwa nimefundisha presha ya hewa miaka mingi kwa picha ya kitabuni, na kila mwaka nilijua ninakwenda kuwachosha wanafunzi. Hapa presha hiyo ilikuwa imelishika kopo mpaka ndoo ikataka kuinuka mikononi mwangu mwenyewe. Haya ilinishika, kweli, lakini kilichonijaa zaidi ilikuwa furaha, furaha ile iliyonifanya niwe mwalimu na ambayo nilikuwa nimeisahau mahali fulani kati ya rundo moja na jingine. Nikamwambia, "Nisamehe. Sikusoma." Akainamisha kichwa, akawa anaangalia matope.

Nikafuta ile sifuri, nikaandika tatu. Thelathini na nane ikawa arobaini na moja. Nikasaini kando.

"Na hao wengine?" mama wa kemia akauliza. Nikamwambia nitakusanya karatasi zote kesho asubuhi na kulirudia swali la tisa la darasa zima, kila jibu mpaka nukta yake ya mwisho, kabla ya saa nane. Akatikisa kichwa kukubali.

Nilidhani msichana ataichukua karatasi yake na kukimbia. Aliosha mikono kwanza, akaikausha kwa sketi, kisha akaifungua ile karatasi ukurasa wa pili na kuiweka mbele yangu. Akaweka kidole kwenye swali la nne.

"Hapa sikuandika kipimo. Wewe umenipa."

Nikatazama. Hesabu ya nguvu, njia safi, jibu kumi na mbili, na baada ya kumi na mbili hakuna kitu. Hakuna nyutoni. Juu yake, alama yangu ya tiki, nyekundu, ya haraka.

"Ulijua tangu lini?"

"Jana. Nilihesabu yote."

"Mbona jana hukusema?"

"Jana ningekuwa thelathini na saba. Hungesoma swali ya tisa."

Alisema kweli, na sote watatu tulijua. "Na sasa mbona unasema? Umeshapata."

Akafikiri, akitafuta maneno ya Kiswahili. "Ile tatu ni yangu. Hii moja si yangu."

Nikamtazama mama wa kemia anisaidie, naye akaenda dirishani akawa anaangalia mabati ya jiko la shule. Kuna sauti ndani yangu iliyosema iache, alama moja ni kitu gani, mtoto ameshafanya kazi ya alama kumi. Lakini alikuwa amesimama mbele yangu akiingoja kalamu, na nikaona kwamba nikimwachia hii moja, nitakuwa nimeziharibu na zile tatu. Nikaikata tiki. Nikafuta arobaini na moja, nikaandika arobaini, nikasaini tena.

Akaikagua, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni mwa sweta.

"Arobaini inatosha, mwalimu," akasema, akabeba ndoo yake kwenda kuimwaga.