Asali Niliyoipeleka Ruiru

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na katika miaka ile ya Hali ya Hatari pale Thika vilio vilizidi mno, hata nikaona heri kicheko. Msomaji akiniuliza ilikuwaje basi mwanamke wa aina yangu akafunga mtoto mgongoni na kupanda gari la moshi kwenda Ruiru, wakati watu wenye akili zao walikuwa hawavuki hata barabara bila sababu, nitamjibu kwamba nilikwenda kutafuta maneno.

Baba yangu alitoka kwa watu ambao Wagikuyu waliwakuta msituni walipokuja. Waliwaita Athi, yaani wawindaji. Walikuwa watu wa mitego na mizinga ya nyuki. Wagikuyu walipoomba ardhi, wazee wetu walipokea mbuzi, wakafanywa ndugu, wakaoleana nao, na kidogo kidogo lugha yetu ikabaki midomoni mwa wazee peke yao. Serikali ilipoleta vipande, vile vyeti vya kuning'iniza shingoni, karani alimwuliza baba kabila lake. Baba akalitaja. Karani akamwambia kabila hilo halipo, akamwandika Mkikuyu. "Hivyo ndivyo tulivyokwisha," baba alikuwa akisema, "kwa wino."

Mila moja ilibaki. Mtoto wa kwetu huhesabiwa mgeni mpaka mzee wa damu yetu amtie asali midomoni na kumwita kwa lugha ya zamani, akiwataja waliomtangulia mmoja mmoja, ili wamjue. Baba alikufa kabla sijapata mtoto. Nilizaa wawili, wote wakafa bila kuitwa na mtu. Alipozaliwa wa tatu, Zaituni, mume wangu Juma alimwadhinia sikioni na kumwonjesha tende kama ilivyo dini yetu, kwani mimi, niliyezaliwa Wanjiku, nilisilimu nilipoolewa naye nikawa Mwanaisha. Nilishukuru sana. Hata hivyo kila mtoto alipopiga chafya, nilijiambia kwamba upande wa baba bado hawamjui huyu.

Aliyebaki na maneno hayo ni mmoja tu, Gathoni, dada yake baba, ambaye kwa Kikuyu ninamwita Tata. Alikuwa kijiji kimoja cha Ruiru, mojawapo ya vile watu walivyohamishiwa kwa nguvu na kuzungushiwa handaki. Mwanamke muuza mboga akaniletea habari pale kwangu Majengo: Tata anakohoa damu. "Amesema ukitaka kilicho chako uje ukichukue," akasema, naye hakukaa hata kunywa chai.

Juma alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Alisimamisha cherehani yake akaniangalia.

"Usiende, Mwanaisha. Watu wanakamatwa kwa kusalimiana tu."

"Na Zaituni akifa?"

Kesho yake alikwenda mwenyewe kuniombea pasi ya safari, ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo kabla ya kafyu.

Asubuhi, stesheni ya Thika. Nilivaa buibui, mtoto mgongoni, na kikapuni nilikuwa na kibuyu kidogo cha asali niliyopata kwa Mkamba mmoja wa Gatuanyaga. Kabla ya kufika kwenye gari ilibidi kupita mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Watu walimwita Gakunia. Akitikisa kichwa, umekwisha, unapandishwa lori. Hakuna aliyejua ni nani; huenda ni jirani yako uliyemnyima chumvi. Mbele yangu alipita mzee mwenye kofia, gunia likatikisika, naye akavutwa pembeni kofia ikaanguka, na hakuna aliyethubutu kuiokota. Nilipita huku nikisoma kila sura niliyoijua, na nyingine nikazichanganya. Gunia halikutikisika.

Kalimoni. Gari lilisimama na askari wakapanda kupekua daraja la tatu. Aliyekuja kwangu alikuwa kijana mrefu, si mtu wa kwetu, amechoka, midomo imempasuka.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Asali, afande."

"Asali ya nini?"

"Ya mtoto."

Alizibua kibuyu, akanusa, kisha kabla sijasema kitu akatia kidole akalamba. Akatia tena. "Tamu," akasema, akanirudishia, akaenda zake. Watu walipumua, mimi nikabaki nimekishika kibuyu kama kitu kilichovunjika. Asali ya kuitia mtoto haionjwi na mtu kabla yake. Hilo nililijua tangu nikiwa mdogo, na nilikuwa nimekichunga kibuyu hicho hata dhidi ya mume wangu. Niliwaza kushuka na kurudi nyumbani. Lakini maji nilikwisha kuyavulia nguo.

Ruiru, jua likiwa juu. Kutoka stesheni nilitembea kando ya mashamba ya kahawa ya wazungu mpaka kijijini. Handaki lilikuwa refu kwenda chini, na ndani yake vijiti vimechongwa ncha vikaelekezwa juu. Daraja lilikuwa ubao mmoja. Langoni alisimama mkubwa wa mahomugadi, Wagikuyu wenzetu waliopewa bunduki na serikali kutulinda au kutuchunga, mtu huchagua neno mwenyewe. Aliitwa Kariuki. Alisoma pasi yangu, akaangalia buibui langu, akaacha Kikuyu akasema nami Kiswahili.

"Unaenda kwa nani?"

"Kwa shangazi yangu Gathoni, yeye mgonjwa."

"Kaa naye, lakini kuongea, ongea kwa sauti. Hapa hatutaki mambo ya kunong'ona. Umesikia?"

"Nimesikia, bwana."

Nyumba zilipangwa karibu karibu hata mtu akijigeuza kitandani jirani anajua. Tata alikuwa ameketi mlangoni pake juani, amebaki mifupa na macho. Furaha ilinipanda kichwani. Nikamsalimu kwa ile salamu ya zamani, neno pekee ambalo baba alinifundisha.

Uso wake ukafungika. "Unasema nini, wewe?" akauliza kwa Kikuyu, kwa sauti ya kusikika hadi langoni. "Mimi sijui maneno hayo. Mimi ni Mkikuyu kama wengine. Ingia ndani, Wanjiku, mtoto anaungua na jua."

Moyo uliniuma. Nilikuwa nimevuka gunia na bunduki kuja kuambiwa hivyo. Tulipokuwa ndani, gizani, ndipo alipoleta mdomo kwenye sikio langu.

"Unataka kutuua? Wanasema watu wa jamaa yetu ndio wanaowaonyesha wapiganaji njia za msituni. Yule mama wa nyumba ya tatu alisikika akisema na kibuyu chake cha dawa, wakamchukua. Hajarudi."

Nikamwambia juu ya ile asali na yule askari, machozi yakinitoka. Nilifikiri atanifukuza. Alicheka kimyakimya mpaka akakohoa.

"Mgeni ndiye anayeonja kwanza siku zote," akasema. "Ndiyo maana hatuna msitu. Lete hicho kibuyu."

Kisha akatoa kichwa nje akamwita jirani yake, mama mmoja mnene aliyeitwa Njoki. "Njoki, si unitwangie yale mahindi? Nina mgeni." Njoki hakuuliza kitu. Alileta kinu chake karibu kabisa na ukuta wetu akaanza kutwanga. Du! Du! Du! Ndipo nilipojua kwamba hiyo haikuwa mara yao ya kwanza, na kwamba Tata alikuwa akiyasema maneno yake nyuma ya kinu hicho kila siku, peke yake, asije akayasahau.

Alimpakata Zaituni. Akachovya kidole katika asali akampaka midomoni. Mtoto akaanza kunyonya kidole. Tata akaanza kusema, na mimi nikatega sikio nishike. Yalikuwa maneno mafupi, yenye kukwaruza kooni, yakifuatana na majina ya watu nisiowajua. Mchi ulikuwa ukiyameza. Nilishika moja, likapotea lililofuata. Nikaona waziwazi kwamba sitayashika, na kwamba mwanamke huyu hana pumzi ya kuyasema siku nyingi.

Mchi ukanyamaza.

Tata alikuwa katikati ya neno, nalo likamtoka zima, wazi, katika kimya kile. Kariuki akajaa mlangoni.

Aliona kibuyu. Aliona asali kwenye midomo ya mtoto na kwenye kidole cha mgonjwa. Kila mtu Ruiru alijua viapo vya wapiganaji wa msituni hufanywa namna gani: nyumba yenye giza, kitu cha kuonja, maneno ya kurudiwa. Bunduki ikashuka kutoka begani.

"Kiapo," akasema. "Mnalisha hata mtoto kiapo!"

Sijui ni nani aliyesema kupitia kinywa changu, maana mimi nilikuwa nimekwisha kufa. "Hapana, bwana. Ni dua. Sisi Waislamu mtoto huonjeshwa kitu kitamu, halafu anasomewa."

"Na huyu cucu, huyu bibi kizee? Tangu lini akawa Mwislamu?"

Tata hakupepesa jicho. "Tangu juzi," akasema. "Mtu mgonjwa hujaribu dawa zote, Kariuki. Hata wewe utaona."

Kariuki hakucheka. Aliketi juu ya kigoda, bunduki magotini. "Haya. Hiyo dua, sema nisikie. Yote."

Tata akaniangalia. Kisha akaketi wima, akayasema yote tangu mwanzo, kwa sauti, mlango wazi na mchana mweupe, jambo ambalo nafikiri halikufanywa na mtu wa kwetu tangu kijiji hicho kijengwe. Mwishoni nikasema, "Amina."

"Sema tena," Kariuki akasema. "Polepole. Mtu wa uongo, ya pili hubadilika."

Akasema tena, polepole, neno kwa neno, wala halikubadilika hata moja. Kariuki alikuwa akimtazama midomo. Kisha akanigeukia mimi.

"Si ni dua yenu? Sasa mseme nyinyi wawili."

"Kwetu chuoni," nikasema, "mwalimu husoma na mwanafunzi hufuata." Hilo lilikuwa kweli kabisa, na nadhani ukweli huo ndio uliotuokoa, kwa sababu alikubali kwa kichwa. Tata akasema neno, nami nikalifuata. Akasema jina, nikalifuata. Hofu ina akili yake: nilijua nikikosea tunakufa, na kila neno liliingia likakaa kama msumari. Tulipofika mwisho, akasema, "Tena." Nikafuata tena. Safari hiyo kuna mahali nilitangulia mbele ya Tata bila kujua, naye akanyamaza, akaniacha nimalize mwenyewe.

Kariuki akavua kofia. "Amina," akasema. Alipofika mlangoni akageuka. "Kesho nitamwuliza yule mpishi wa afisa. Ni Mwislamu. Atanieleza kama dua hiyo iko."

Alipokwenda zake, Njoki akaanza tena kutwanga, kwa kasi ya mtu anayetetemeka.

"Twende, Tata. Nitaomba pasi," nikamwambia, nikijua ninasema upuuzi.

"Niende wapi na kifua hiki? Nenda, gari lisikuache. Kesho akija na mpishi, huenda asinikute." Alimrudisha mtoto mgongoni pangu, akamfunga leso kwa mikono yake. Akanisemea sikioni jina alilompa, na lilikuwa jina lake mwenyewe, lile la zamani, si Gathoni. Siliandiki hapa. Halafu akatoka hadi mlangoni akaniaga kwa Kikuyu kwa sauti kubwa, kama shangazi yeyote.

Alasiri, njiani kurudi. Sikukumbuka kuvuka ubao wa handaki. Garini nilikaa dirishani, nikisema yale maneno ndani ya mdomo uliofungwa, nikiogopa kulala, nikiogopa hata kujibu salamu yasije yakamwagika. Pale Kalimoni askari walipanda tena, wengine, nami nikawapa kibuyu kabla hawajaniomba. Hawakukitaka.

Thika, jua likizama. Gunia lilikuwa palepale. Liliniangalia muda mrefu kuliko asubuhi. Zaituni aliamka akaanza kulia, na mimi, bila kufikiri, nikamsemea lile jina lake. Akanyamaza. Nyuma ya matundu yale macho yalihama kutoka kwangu hadi kwa mtoto. Mpaka leo sijui yalisikia nini. Gunia halikutikisika, nikapita, na Juma alikuwa amesimama upande wa pili, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni.

Tata alikufa kabla mvua hazijakatika. Kama Kariuki alimwuliza mpishi, na mpishi alijibu nini, sikupata kusikia, na aliyeleta habari za msiba niliogopa kumwuliza. Nililia sana. Nilimlilia yeye, na nililia kwa woga vilevile, maana sasa nilikuwa mimi peke yangu.

Nilinunua kinu. Tangu siku ile ninatwanga uani pangu kila jioni, na chini ya mchi ninasema maneno yale yote. Majirani wa Majengo wananitania kwamba mume wangu ana tumbo kubwa. Hawajui kwamba siku nyingine kinu hakina kitu ndani.

Kafyu iliondoka, magunia yakaondoka, lakini mimi nimezoea kutwanga. Zaituni sasa anakimbia, ana meno yote, na hupenda kuketi karibu na kinu. Juzi nilikuwa nimechoka, nikafika katikati ya yale majina nikakwama. Nilirudi nyuma nikaanza upya, nikakwama palepale, na nilijua hakuna mtu duniani wa kumwuliza. Ndipo mtoto akalisema jina lililofuata, kwa sauti yake yote, huku akichezea pumba.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kumziba mdomo. Ulifika karibu kabisa na midomo yake. Halafu nikauacha mchi ukaanguka, ua wote ukawa kimya, na jirani angeweza kusikia.

"Sema tena," nikamwambia. "Polepole."