Kipande cha Kiswa Mkononi mwa Zaituni

Juzi nilipita mbele ya duka la manukato hapa mjini, mwenye duka anafukiza udi, nikasimama njiani kama mtu aliyeitwa jina. Kwa wengine hiyo ni harufu ya harusi. Kwangu mimi ni harufu ya sebule yetu ya mtaani Naviundu na ya mdogo wangu Zaituni, na leo nitawasimulia kwa nini.

Ukutani kwetu, ndani ya fremu yenye kioo, kulikuwa na kipande cha kiswa, lile guo jeusi linalovishwa Kaaba. Ukubwa wake ulikuwa kama kiganja cha mtu mzima, hariri iliyotariziwa jina la Mungu kwa uzi wa dhahabu. Babu alikuja nacho kutoka hija, na kilinukia udi hata nyuma ya kioo, au ndivyo pua yangu ilivyoamini. Watoto wa jirani, karibu wote Wakatoliki, niliwaambia kwamba anayekigusa bila udhu hunyonyoka nywele. Mmoja wao alikuwa na mapunye kichwani, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwetu.

Baba aliuza misumari na saruji, na Jumapili alitufundisha Kurani. Alikuwa mpole, ila kwa habari ya kitambaa kile hakuwa na mchezo. Akina mama walimletea watoto wenye homa wakiomba wapanguswe nacho. Aliwakaribisha, akawapa chai, akawaeleza polepole kwamba mponyaji ni Mungu, nguo ni nguo. Jirani yetu Mama Béa, aliyekuja na mwanawe mgonjwa, alilia mpaka chai ikapoa, na baba hakukishusha. Alipoondoka, baba akasema mfa maji haachi kutapatapa. Mimi nikacheka, nilidhani ni mzaha.

Kisha malaria ikampanda Zaituni kichwani. Alikuwa na miaka mitano. Hospitalini walisema damu imemwishia, lazima aongezwe. Baba akakunja mkono wa shati kabla hajaulizwa, wakampima, damu yake ikawa haipatani na ya mtoto. Ya mama vilevile. Mjomba wetu aliyekaa Kasapa akaitwa, tukabaki kumngoja. Baba alisimama, akakaa, akanyoosha shuka ambalo lilikuwa limenyooka. Sijapata kumwona tena mtu mzima asiyejua aiweke wapi mikono yake. Mwishowe alitoka, akaenda nyumbani, akarudi na kile kitambaa amekitoa kwenye fremu. Akakiweka kiganjani mwa Zaituni, akamkunja vidole juu yake.

Mimi, mwanafunzi wake hodari, nikamuuliza kwa Kiswahili cha mtaani kwetu, "Papa, si ulisemaka kitambala haiponeshake muntu?"

"Nilisemaka," akajibu. "Na haiponeshake."

Lakini alikiacha palepale.

Mjomba alifika, damu yake ikafaa. Mfuko ulikuwa haujafika nusu Zaituni alipoacha kupumua. Mama hakulia kwa sauti. Aliushika ule mkono uliofumba akamtazama baba.

"Umuachie, Papa Asha," akamwambia, akimwita kwa jina langu kama siku zote. "Aende nayo."

"Iko na jina ya Mungu," baba akasema. "Haizikwake mu udongo."

Akapiga magoti kando ya kitanda, akamfungua vidole kimoja kimoja, taratibu, vile alivyozoea kumshika akimkata kucha. Kidole gumba kilikuwa kigumu kidogo, akakingoja. Mama aligeukia ukuta.

Nilimchukia. Nilimwona mchoyo, mtu wa kumnyang'anya maiti kipande cha nguo, tena maiti ya mwanawe. Chuki hiyo nilikaa nayo miaka, hadi nilipozaa na mimi, nikakaa kando ya kitanda cha hospitali nikinyoosha shuka lililonyooka.

Nilikuwa nikidhani baba aliiacha imani yake mchana ule, kisha akairudia kwa ukatili. Hakuiacha hata kidogo. Alijua tangu mwanzo kwamba kitambaa hakitamponya Zaituni. Alijua pia kwamba Mungu akimchukua, ni yeye mwenyewe atakayelazimika kukitoa mkononi mwake. Akampa hivyohivyo.