Mkasi na Pipa Lake la Mwisho

Wapwa zangu, haya ninayoyaandika hamtayaamini, na wala sitawalaumu, kwa sababu hata mimi niliyeyaona kwa macho yangu mawili huwa nayatilia shaka asubuhi kabla ya chai. Mtasema mjomba kaanza. Semeni, nimezoea. Lakini leo nawaambia jinsi mawe thelathini yalivyokula shamba zima la mizabibu, shina kwa shina, mpaka pakabaki udongo mtupu.

"Thelathini na moja," amesema dada.

Mnaona? Naandikia jikoni kwake. Ni dada yangu mkubwa, na habari zenyewe ni zake. Macho yake yameingia ukungu, hasomi tena, kwa hiyo kila nikimaliza kipande namsomea huku yeye akimenya vitunguu. Mtu wa namna hiyo kumwandika ni kazi. Kila ukitaka kupendezesha kidogo, anakupiga na hesabu.

Jina lake hakuna anayelitumia. Bonde zima lilimwita Mkasi. Baba yetu alikuwa na mistari arobaini ya mizabibu kwenye mteremko ulio juu ya kinu cha ushirika. Ilikuwa zabibu nyeusi, ndogo, ngozi ngumu, ya zamani kiasi kwamba hakuna aliyejua inaitwaje. Sisi tuliiita "ya babu" na yakaisha. Baba alitaka mtoto wa kiume arithi mkasi wa kupogolea, na mtoto wa kiume alikuwa mimi, peke yangu, mzuri wa sura na mwepesi wa akili. Akanipa mkasi nikiwa na miaka kumi. Nikakata. Nilikata kwa kipaji, nadhani nilikuwa mbele ya wakati wangu, maana yale mashina matatu niliyoyashika hayakuzaa tena mpaka yalipong'olewa. Baba alinitazama, akauchukua mkasi mkononi mwangu, akampa dada aliyekuwa amesimama nyuma yake na ndoo.

Dada alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mwaka ule ule aliacha shule, darasa la tano. Mimi niliendelea mpaka la sita, nikatoka kwa sababu mwalimu alinionea wivu.

Kupogoa, kwa wale mnaodhani zabibu hutoka dukani, ni kukata karibu kila kitu. Kila tawi unaliachia macho mawili tu. Ukiacha matatu, mti unazaa majani na zabibu za maji. Ukiacha moja, baridi ikilipiga huna kitu. Na hayo macho huyaoni vizuri; ni vivimbe vidogo kama chunusi ya mtoto mchanga. Dada alikuwa anayajua kwa kupapasa. Alipita mstari mzima akizungumza na wewe, hatazami anapokata, na nyuma yake kila tawi lina mawili. Baada ya siku kadhaa jua likizidi, pale palipokatwa panatoka maji, tone kwa tone, watu husema mzabibu unalia. Yeye alikuwa anapita na kuifuta kwa kitambaa. Haisaidii chochote, mtaalamu yeyote atakwambia. Alifanya hivyo miaka arobaini. Kidole gumba chake cha kulia kimepinda kabisa. Akikupa mkono unahisi bado ameshika kitu.

Aliolewa na fundi mapipa. Shemeji yangu alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyasema akiwa na misumari mdomoni, kwa hiyo hatukuyasikia. Alikufa kwa ugonjwa wa kifua, binti yao akiwa na miaka sita. Aliacha pipa moja la lita mia mbili, na kuanzia hapo kila mavuno dada alichagua zabibu nzuri za babu akalijaza pipa hilo, akaliweka kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, chenye dirisha dogo kama kitabu. Zabibu nyingine alipeleka ushirika. Mvinyo wa pipa hilo haukuwa na mfano. Niliwahi kumwona mzee mmoja aliyekuwa bubu akiuonja, akazungumza.

"Hakuwa bubu. Alikuwa amenuna."

Basi, alikuwa amenuna, akazungumza.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye ugonjwa. Pipa linakunywa. Msicheke. Mbao zinavuta, mvinyo unashuka kidogo kidogo, na pale juu panapobaki wazi hewa inaanza kazi yake. Ukizembea, umepata siki ya kachumbari. Kwa hiyo kila Jumamosi dada alikuwa anang'oa kizibo, anatia kidole, na kujazia mpaka mvinyo uguse mdomo wa tundu, kutoka kwenye dumu la kioo la mvinyo ule ule. Na kama dumu limeisha, baba alikuwa na ujanja wake: mawe ya kijitoni. Unayachemsha, yanapoa, unayatumbukiza moja moja, na mvinyo unapanda wenyewe. Nilimwona baba akifanya hivyo nikiwa na miaka minane. Kuona nilimwona. Kumsikiliza ndiko sikumsikiliza.

Miaka kumi na miwili iliyopita, bwana shamba wa ushirika aliitisha mkutano. Ardhi ya mteremko ni ya ushirika. Sisi tuna haki ya kulima tu. Akasema mizabibu yote ya zamani itang'olewa, ipandwe mbegu mpya nyeupe inayozaa mara tatu.

Dada akasimama. "Bwana shamba, hii ya babu umewahi kuionja?"

"Mama, mimi naangalia tani."

"Tani inanyweka?"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Na kwa sababu ya kicheko hicho, wakashindwa kumnyima alichoomba: waje waonjaji watatu kutoka nje, wauonje mvinyo wa pipa lake. Ukifaulu, mistari arobaini inabaki. Ukishindwa, trekta. Wakapanga Jumatano, wiki nne mbele.

Wiki moja haikupita, simu ikaja. Binti yake alikuwa na mimba ya shida, amelazwa, hospitali iko safari ya siku nzima kwa basi. Dada akafunga mfuko. Akanishusha chumba cha chini, akanionyesha kizibo, dumu, kitambaa safi.

"Jumamosi tatu tu, mdogo wangu. Unaweza kuhesabu mpaka tatu?"

"Dada, unamuuliza nani?"

"Nakuuliza wewe."

Jumamosi ya kwanza nilijaza kama daktari. Ya pili walikuja kinyozi na fundi baiskeli, rafiki zangu, nikawaambia kwamba ushirika wote unanitegemea mimi. Hawakuamini. Nikawashusha chini waone. Wakaona. Wakaonja kutoka kwenye dumu, glasi moja moja, kisha ya pili, kwa sababu kinyozi alisema ya kwanza hakuisikia vizuri. Dumu likaisha. Na baada ya dumu, ngoja niseme ukweli, mpira wa kunyonyea ukaingia kwenye pipa lenyewe.

Jumamosi ya tatu nikatia kidole kwenye tundu, hakikugusa kitu. Nikatia kijiti. Ulikuwa umeshuka kiganja kizima. Jasho likanitoka, lakini akili ya mjomba wenu hailali: nikakumbuka ujanja wa baba. Nikaenda kijitoni, nikachagua mawe mazuri kuliko yote, meupe, ya mviringo, kama mayai ya kuku. Mengine yaliacha unga kidoleni. Nikayachemsha, nikayatumbukiza moja moja. Mvinyo ukapanda mpaka mdomoni. Ukafanya shiii, taratibu, na vipovu vidogo. Nikajisemea, huu mvinyo ni mzima, unapumua. Nikapiga kizibo, nikaenda kulala kama mfalme.

Jumatano nikachota chupa moja, nikavaa koti, nikaipeleka ukumbini. Dada alishuka kwenye basi akaja moja kwa moja, na mfuko wake, ananuka dawa za hospitali. Alikuwa hajalala siku mbili na alikuwa anacheka.

"Amejifungua. Wa kike. Wote wazima." Kisha, chinichini, "Ulijaza?"

"Mpaka mdomoni."

Waonjaji walikaa nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe, kila mmoja na ndoo yake ya kutemea. Mkubwa wao alikuwa na miwani mizito. Akaumimina mvinyo, akaizungusha glasi, akanusa, akatabasamu, akamgusa mwenzake kiwiko. Nilivimba kifua mpaka kifungo cha koti kikaruka. Kisha akaonja. Tabasamu likaondoka kama mtu aliyeitwa nje. Akatema. Mwenzake akatema. Wa tatu akatema, akanywa maji.

"Mama," akasema mwenye miwani, "umetia chokaa."

"Sijatia kitu."

"Harufu ni nzuri sana. Lakini mdomoni umekufa. Hauna ukali hata kidogo, una ladha ya ukuta. Watu wanavuna zabibu mbichi, kisha wanatia chokaa kuua uchachu. Tunaijua."

Ukumbi ukanong'ona. Bwana shamba alikuwa tayari anaandika.

Dada akaomba glasi. Akaonja. Hakutema. Aliushika mdomoni muda mrefu, akaumeza, na hakuwatazama waonjaji. Alinitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Vilikuwa viatu vizuri.

Yule mwenye miwani hakuwa mtu mbaya. Akauliza polepole, "Kuna mtu mwingine aliyeligusa pipa?"

 Ningeweza kukohoa tu, ingetosha.

"Hakuna," akasema dada. "Pipa ni langu."

Nyumbani hakuvua hata kitambaa cha kichwa. Alishuka chini, akaliegemea pipa, akalitikisa, likalia kama njuga.

"Meupe au meusi?"

"Dada, si mawe ni mawe?"

"Nimekuuliza. Meupe au meusi?"

"Meupe. Yalikuwa mazuri."

Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Baba alikuonyesha. Alichukua jeupe akalitia kwenye siki, likatoa povu. Akasema meusi ndiyo ya pipa, haya meupe ni ya chokaa, yanakula ukali wa mvinyo. Ukacheka, ukasema jiwe lina meno."

Nilikumbuka. Nilikumbuka kila kitu, hata bakuli lenyewe. Tukaumwaga mvinyo wote kwenye mtaro, ndoo kwa ndoo, na yeye akayapanga mawe sakafuni akiyahesabu. Yalikuwa yamelika, yana vishimo, mengine yamebaki kama punje za mahindi.

"Kwa nini hukuwaambia?" nikamuuliza.

"Wangeniita mimi mwongo na wewe mlevi. Sasa wameniita mwongo tu. Kimoja kinatosha kwa nyumba moja."

Wiki ile ile bonde likabadilisha jina. Mkasi akawa Mama Chokaa. Ilianza na vijana wa kinu, ikafika sokoni, ikafika kwa watoto wasiojua hata chokaa ni nini. Siku hizi macho hayamruhusu, lakini mpaka juzi alikuwa anapogoa mizabibu mipya ya watu wengine kwa kibarua, ile nyeupe inayokatwa ovyo ovyo, na mwenye shamba akipita anawaambia wenzake wamwangalie huyo bibi asije akatia kitu. Yeye anaendelea. Macho mawili kila tawi, ingawa hakuna aliyemwomba. Na mimi nimelisikia jina hilo miaka kumi na miwili. Nimelisikia kwa kinyozi, kwenye kiti, shuka shingoni, na kinyozi mwenyewe anacheka, aliyekunywa dumu lile. Nikacheka naye kidogo, kwa sababu wembe ulikuwa kooni kwangu.

 Nimemwuliza dada kama niendelee. Amesema karatasi ni yangu.

Basi, siku ya trekta. Lilikuja Jumatatu saa mbili asubuhi, na mnyororo mnene kama mkono. Wanafunga mnyororo shinani, trekta linavuta, na shina la miaka sitini linatoka na mizizi mirefu kuliko nyumba, linatoa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Ulikuwa msimu ambao matawi yamekatwa karibuni, kila ncha ina tone la maji. Dada alisimama mwanzo wa mstari wa kwanza, na kitambaa chake cha kufutia.

Hapo mimi sikuvumilia. Niliruka mtaro, nikasimama mbele ya lile trekta, mikono nimeinyoosha hivi, nikamwambia dereva, "Pita juu yangu kwanza!" Dereva akazima injini. Bwana shamba akavua kofia. Bonde zima lilikuwa limejaa pale, watu mia tatu, mia nne, kinyozi yupo, vijana wa kinu wapo, na yule mwenye miwani alikuwa amerudi makusudi. Nikapanda juu ya boneti, nikawageukia wote, nikapaza sauti mpaka ng'ambo ya pili wakasikia: sikilizeni ninyi, mawe yale niliyatia mimi, kwa mkono wangu, na dada yangu hana ha—

"Siku hiyo ulikuwa kwa kinyozi," amesema dada. Kisu kimesimama juu ya kitunguu. "Hapakuwa na watu. Nilikuwa mimi na dereva."