Bwawa Tulilolilinda

Machi 1971 tulipoteza samaki wote wa bwawa letu, karibu na Plateau, nje ya Eldoret, kwa siku moja. Mwaka uliofuata nikampoteza mume wangu. Kwenye matanga watu walimsifu kwa mengi, na hakuna aliyetaja samaki. Mimi nitawataja, kwa sababu aibu ile ilikuwa yetu wawili.

Tulitoka mkoa wa kati tukiwa kikundi, tukanunua shamba la mzungu kwa hisa. Siku ya kugawana, namba za vipande ziliwekwa ndani ya kofia. Mume wangu akatoa ile yenye bwawa. Watu wakacheka.

"Wewe sasa utalima kwa mtumbwi," mwenzetu mmoja, fundi wa cherehani, akamwambia.

Mume wangu hakuzoea kuchekwa. Alisimama akasema mbele ya wote kwamba samaki wa bwawa lile ndio watakaonunua mabati ya darasa tulilokuwa tukiwajengea watoto wetu. Wakampigia makofi.

Kwetu hakuna aliyekula samaki. Tulichojua ni mifugo, tukawatunza kama mbuzi. Mle majini mlikuwa na ngege, wale ambao wengine huwaita perege, na wengine wakubwa wenye midomo mipana ambao mpaka leo sijui jina lao. Tuliwaona hao wakubwa wakimeza watoto wa ngege.

"Huyu ni chui," mume wangu alisema.

Basi tukawavua wenye midomo mipana kwa ndoana mpaka wakaisha, tukawatupia mbwa. Ngege hatukugusa hata mmoja. Mtu hachinji mbuzi jike zizi likiwa bado halijajaa.

Wakazaana. Kila jioni nilimwaga pumba za mahindi, na maji yakawa kama yanachemka kwa midomo. Tulifurahi kwa wingi wao, hatukuangalia ukubwa.

Mwishowe mume wangu akamleta mama mmoja aliyeuza samaki sokoni Eldoret. Mama yule alichota ndoo, akainua mmoja, mfupi kama kidole changu.

"Mzee, umeniita ninunue watoto?"

"Watakua."

"Hawa hawakui tena. Huyu ni mama mzima, ona, ana mayai mdomoni, ndimo wanamoyalea! Sasa mimi niuze nini hapa, macho na miiba?" Alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Kisha akatuuliza, "Na nyinyi mnawala?"

Mume wangu akatikisa kichwa.

"Hamli, hamvui. Haya basi, kaeni nao."

Mimi ni mkulima. Kila msimu nang'oa mahindi yaliyobanana, maana nikiyaacha yote hayatoi gunzi la maana. Kwa nini sikuliona hilo majini, sijui. Tulimuua aliyekuwa akiwapunguza, na sisi wenyewe hatukuwapunguza. Chakula kikagawanywa kwa midomo mingi mno.

Hatukumwambia mtu. Jumapili, nje ya kanisa, watu walipouliza habari ya mabati, mume wangu alijibu, "Bado wanakua." Nilikuwa kando yake. Nikatazama viatu vyangu.

Kiangazi kikaja kikali. Maji yalipungua, samaki hawakupungua. Asubuhi ile ya Machi tulikuta wengi wamekufa, matumbo juu, na waliobaki wametoa midomo nje wakitafuta hewa. Kufikia mchana wote walikuwa wameisha, na upepo ulikuwa umepeleka harufu mpaka kwenye kiwanja cha darasa, ambapo nguzo zilisimama bila paa.

Tulikuwa tukiwabeba kwa karai tulipoona wanakikundi wanakuja na majembe, yule fundi wa cherehani mbele. Nilijikaza nisubiri neno lake. Alilishusha karai kutoka kichwani kwa mume wangu, akalibeba yeye, maji ya samaki yakimchirizika shingoni.

"Mabati nitanunua," mume wangu akasema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Shika jembe, bwana. Mbwa wameshafika."

Tukachimba shimo chini ya ukingo, tukawafukia wote. Jua lilipokuwa linazama watu walifuta majembe yao kwa nyasi, wakatuaga mmoja mmoja, wakaenda.