Mwandishi wa gazeti alimuua baba yangu kwa picha, mama akagoma kumlilia

Wakuu, nawasalimu. Marahaba kabla hamjaniamkia, maana nina miaka themanini na tisa. Mjukuu wangu ndiye anayechapa, mimi naongea.

Juzi mtu humu kasema waandishi wa habari wa siku hizi hawana adabu kwa askari vitani. Siku hizi? Ngojeni niwaambie. Hili nimeliona kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Ni Misigiri, Iramba, enzi za Mwingereza. Baba alichukuliwa uaskari akapelekwa Burma, kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Mimi Yunisi nilikuwa binti wa kama miaka tisa.

Siku moja karani wa mtemi akaja na gazeti kutoka Kiomboi. Lilikuwa na picha ya askari watatu weusi wamelala kwenye majani, na chini imeandikwa wamekufa kishujaa. Majina hakuna.

Wa katikati alikuwa na kovu la shoka kwenye paji la uso. Baba.

Vilio vikaanza. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alilia kuliko wote. (Machozi yake sikuyaamini hata siku ile.) Wiki haijaisha, ng'ombe wetu wanalala zizini kwake, na anamtaka mama anyoe nywele kama mjane, matanga yaishe, yeye amrithi awe mkewe. Ndivyo desturi ilivyokuwa.

Mama akaomba lile gazeti. Kusoma hajui, lakini aliikodolea macho ile picha mpaka karani akachoka kusubiri.

"Huyu hajafa," akasema. "Kiganja kiko chini ya shavu. Ndivyo anavyolala humu ndani. Maiti anajipangia mkono?"

"Shemeji, lisemwalo lipo," akajibu baba mdogo. "Serikali imeandika."

"Basi serikali ilete barua. Hilo ni gazeti."

Hakunyoa.

Wakuu, mama akageuka mchawi. Mwanamke gani hamlilii mumewe? Akifika kisimani, wenzake wananyamaza. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilimshuku. Namchungulia akisonga ugali, najiuliza huyu anaficha nini.

Mwishowe baba mdogo akasema mbele ya wazee: mavuno yakiisha, anyoe, la sivyo arudi kwao. Na mimi nibaki.

Tulikuwa tunapura mtama wa mwisho lori liliposhusha mtu barabarani. Koti la jeshi, amekonda, kovu lile lile. Watu wakatimua mbio wakipiga kelele, mzimu! Baba mdogo alikuwa mbele yao wote.

Mama hakukimbia. Wala hakumkumbatia. Alitandika ngozi ya ng'ombe kivulini.

"Lala."

"Mama Yunisi, ndiyo salamu hiyo?"

"Lala kwanza, nione."

Akalala. Mtu wa safari ndefu, usingizi haukuchelewa. Kiganja kikapanda taratibu, kikaingia chini ya shavu. Hapo ndipo mama alipoangua kilio cha miezi yote ile.

Alipoamka akatusimulia. Walikuwa wametembea siku nne, wakaanguka kwenye majani kwa usingizi. Wakaja Wazungu wawili wa magazeti. Mmoja akawaruka kama magogo, akasukuma bunduki ya baba kwa kiatu, akamvua kofia ili uso uonekane. Baba akafumbua macho. Akaambiwa kwa Kiswahili kibovu, "Wewe lala, nyamaza." Afisa wake amesimama pale pale, baba angesema nini?

"Wangeniuliza jina tu," baba alikuwa akisema, "ningewajibu."

Kwa hiyo yule mtu alijua kuwa baba ni mzima. Hilo linaniuma mpaka leo.

Ng'ombe walirudi. Baba hakukubali kupigwa picha tena, na mimi picha yoyote ya gazeti naanza kutazama mikono. Nilichojifunza: asiyekuuliza jina, usiamini habari anayoitoa juu yako.

Wenye wazee waliokwenda Burma, andikeni hapa chini mlichosimuliwa. Waandishi mliomo humu msinune, jibuni.

Mjukuu anataka kufunga simu. Subiri kwanza.

Baba alifariki uzeeni, hospitali. Ndugu walikuwa wameshaanza kulia mlangoni. Mama akapita katikati yao, akafunua shuka, akatazama mkono. Ulikuwa umenyooka ubavuni.

Akakaa chini.

"Yunisi," akasema, "niletee wembe."