Mbaruku Alipouawa Mara ya Pili

Mwanangu, ipo siku moja ya harusi hapa Ibra, Omani, ambayo hata leo ikinijia moyoni, masikio huniwaka moto.

Nilikuwa msichana, ndiyo kwanza tumerejea kutoka Unguja, na sauti Mungu kanipa. Harusini niliitwa niimbe kisa cha Mbaruku, mwizi wa zamani aliyekuwa akiwapora wasafiri wa ngamia njia ya Sur. Wasafiri walimkamata kwa ngamia mmoja aliyetoweka, wakamhukumu wenyewe palepale kisimani, bila ya kadhi, wakamuua. Wanawake walikipenda kisa hicho. Nami, ujana tena, nikakitia chumvi: nikaimba kuwa ngamia aliyemponza alikuwa wa mjane. Nikifika hapo, vigelegele!

Siku hiyo akainuka bibi mmoja wa Jaalan, Bi Zuwena.

"Ngamia wa mjane, kakwambia nani?"

"Nimetia mwenyewe, bibi, wimbo unoge."

"Mbaruku ni babu yangu. Wao walimuua mara moja. Wewe leo umemuua ya pili."

Akavaa abaya lake, akatoka.

Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wazee wetu. Na nani hayupo kuliko maiti? Wiki nzima nikawaza hilo. Mwisho kaka yangu akanipeleka Jaalan kwa gari. Bi Zuwena alinimiminia kahawa kabla sijafungua mdomo kuomba radhi. Ndio ustaarabu huo, mwanangu.

"Mwizi alikuwa, sikufichi," akanambia. "Lakini ngamia yule hakumwiba. Alipotea tu. Siku ya tatu baada ya mauaji alikuja mwenyewe kisimani kunywa maji. Waliomuua babu wakamwona, wakanyamaza."

Nikautunga wimbo upya. Sikumfanya walii, wizi wake niliuacha pale pale. Kisha ikaja harusi Sur, na Bi Zuwena nikamwalika mwenyewe. Nilipofika penye ngamia nikaimba:

*Ngamia karudi hai,*
*Mbaruku yu mchangani.*

Kisha bibi kizee mmoja akasimama, kashika mkongojo.

"Ngamia yule alikuwa wa babu yangu mie," akasema. "Kwetu tulijua, tukaona haya kusema. Nisamehe, Zuwena."

Wakakumbatiana, wakalia. Wallahi vigelegele vya siku ile sijavisikia tena! Na Bi Zuwena, aliyezoea kukaa nyuma kila harusi, alitoka katikati akacheza, kichwa juu, mpaka bibi harusi akasahauliwa.

Basi mwanangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Leo mnahukumu watu kwenye simu, kila mmoja anaongeza chumvi yake, na aliyehukumiwa hayupo kujitetea. Msimsafishe mwizi, lakini msimbebeshe asichoiba. Na ukikosea, nenda mwenyewe mlangoni kwa uliyemkosea, kisha usahihishe mbele ya watu, kama ulivyokosea mbele ya watu.

Mola akupe ulimi wa kweli na moyo wa kurudi nyuma. Akuinue, mwanangu, na akuinulie wazao wako. Amin.