Vidonge kumi na sita vya Fortunat

Saa moja na nusu asubuhi, Februari 2007. Katika bustani moja kubwa ya kusini-magharibi mwa London, ile yenye kulungu, Fortunat Kashindi anaokota takataka kwa koleo refu. Kila baada ya hatua chache anasimama, anavua glavu na kufuta jicho la kushoto. Halii. Kope ya jicho hilo haifungi vizuri, na baridi inalitoa machozi.

Mwenzake, Leonard, anapita akiendesha trekta. Hadi mwaka mmoja na nusu uliopita trekta hiyo ilikuwa ya Fortunat.

"Sasa hawaniruhusu," anasema. Maneno yanatoka kwa upande mmoja wa mdomo. "Na hata wangeniruhusu, nikifika saa sita mchana mwili unakuwa umekwisha."

Fortunat, mwenye umri wa miaka 43, ni mzaliwa wa Lemera, katika milima iliyo juu ya Uvira, Kongo. Aliingia Uingereza mwaka 1998 kama mkimbizi. Anaishi Tottenham na mkewe, Armelle, anayehudumia wazee, na binti yao, Stéphanie. Zamani alifanya kazi saa arobaini kwa wiki. Leo anafanya kumi na nane.

Yote yalianza Julai 2005, alipokuwa akifyeka majani marefu ambamo kulungu hulala. Jioni, akioga, aliona kupe nyuma ya goti.

"Kwetu kupe ni shida ya ng'ombe," anasema. "Nilimtoa kwa kucha, nikamtupa, nikaenda kula."

Siku kumi baadaye duara lilijitokeza mahali pale. Kwenye ngozi yake nyeusi halikuwa jekundu kama linavyoonekana katika picha za vitabuni. Lilikuwa kama kivuli. Daktari wa kwanza alidhani ni choa, akampa mafuta ya kupaka. Duara likapanuka hadi kufikia ukubwa wa sahani, kisha zikaja homa na maumivu ya shingo.

Daktari wa pili, Bridget Hallam, alimuuliza swali moja ambalo mwenzake hakuuliza: unafanya kazi gani? Alipojibiwa, akamwambia ni ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe, na kwamba wameuwahi mapema. Akamwandikia vidonge ishirini na vinane vya antibayotiki, viwili kwa siku, kwa siku kumi na nne. Alimsisitiza avimalize hata akijisikia vizuri.

Siku ya sita Fortunat alijisikia vizuri kabisa.

Wakati huo sebuleni kwake alikuwa akilala Justin, mtoto wa mama yake mdogo, ambaye ombi lake la hifadhi lilikuwa limekataliwa. Justin alikuwa na homa na kikohozi, na aliogopa kwenda hospitali asije akakamatwa. Fortunat alimtazama akitetemeka chini ya blanketi, akachukua pakiti ya dawa na kumkabidhi. Vilibaki vidonge kumi na sita.

"Nilijiwazia, dawa ni dawa. Mimi nimepona, huyu anaumwa. Ungefanya nini?"

Wiki tatu baadaye, akipiga mswaki, maji yalimwagika kutoka mdomoni. Upande mzima wa kushoto wa uso ulikuwa umelegea.

Alirudi kwa Dakta Bridget, ambaye alimuuliza kama alimaliza dawa. Fortunat akasema ndiyo. Akaulizwa tena, akasema ndiyo. Kama siku kumi na nne zimeshindwa, daktari alieleza, basi huenda ugonjwa umefika ndani zaidi. Akapelekwa hospitali, akachomwa sindano ya mgongo kutoa maji ya uti, akalala kifudifudi siku nzima kwa maumivu ya kichwa. Maji yalikutwa safi.

Walipokaa tena mbele ya daktari, naye akaanza kuzungumzia wiki kadhaa za dawa ya kuingizwa kwenye mshipa, Armelle alimgeukia mumewe.

"Baba Stéphanie, sema ukweli."

 Kisha akasema mwenyewe kwamba mumewe alimeza dawa siku sita tu, nyingine alimpa mgonjwa nyumbani.

"Niliogopa atauliza jina," anasema Fortunat. "Hakuuliza. Aliuliza tu kama mtu huyo bado anakohoa."

Alikuwa bado anakohoa, na sasa kwa damu. Siku iliyofuata Armelle alimshika Justin mkono hadi hospitali. Ilikuwa kifua kikuu, ugonjwa ambao vidonge vile visingeuponya hata angepewa gunia. Alitibiwa miezi sita, akapona, akahamia Birmingham. Hapigi simu.

"Labda anaona aibu," anasema Fortunat. "Mimi pia naona aibu, ndiyo maana sipigi."

Kwa idhini ya Fortunat, Dakta Bridget alikubali kuzungumza nami. Anasema hawezi kuapa kwamba siku zile nane zilizokosekana ndizo zilizomlegeza uso. Hata waliomaliza dawa, baadhi yao hupatwa na hali hiyo.

"Sisi wenyewe tunabishana kuhusu siku," anasema. "Wapo wanaosema kumi, wapo wa kumi na nne, wapo wa ishirini na moja. Sijasikia anayesema sita."

Safari ya pili Fortunat alimeza dawa siku ishirini na moja, Armelle akisimama mbele yake kila kidonge. Uso ulirudi nusu. Uchovu ulibaki. Akarudi kuomba dawa za miezi mitatu zaidi, akakataliwa. Wadudu wamekufa, daktari alimwambia. Kilichobaki ni jeraha lao, na jeraha halitibiwi kwa vidonge hivyo.

"Nilikasirika sana siku ile," anakumbuka. "Nilitaka aniambie kuna kitu cha kumeza."

Mwezi ujao atafanyiwa upasuaji mdogo: kipande cha dhahabu kisichozidi punje ya mchele kitashonwa ndani ya kope ili uzito wake uifunge. Upasuaji huo hautamrudisha kwenye trekta, na ameshaambiwa hivyo. Armelle ameomba ruhusa kazini ampeleke.

"Sitaki makubwa," anasema Fortunat, akiinua mfuko wake wa takataka. "Nataka nilale macho yote mawili yakiwa yamefumba."